Fisi Maji Alikuwa Anamtazama Nani?

Ninyi mnaokata picha kwa kubana vidole viwili juu ya kioo cha simu, nawaonea wivu na pia nawaonea huruma. Wivu ni kwa sababu mkikosea mnarudisha. Huruma ni kwa sababu hiyohiyo: mtu anayeweza kurudisha kila kitu hatetemeki mkono, na fundi ambaye hajawahi kutetemeka mkono bado hajaianza kazi. Mimi nimekata vibaya picha nyingi ambazo sitaki kuzikumbuka, na moja ambayo nusura iniache bila mke. Hiyo siwezi kuisahau, kwa sababu mwenyewe yumo humu ndani, anachambua maharage, na ameshaniuliza mara mbili ninaandika nini.

Nilikuwa mpiga picha wa wanyamapori. Msinifikirie makubwa. Simba sijawahi kumwona ana kwa ana, tembo nimemwona kitabuni, na mbuga za wanyama nazisikia redioni kama mnavyozisikia ninyi. Wanyamapori wangu wote, isipokuwa mmoja, waliishi kati ya jiko la mama yangu na kijito cha chini ya shamba letu la kahawa, hapa Mbinga. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda kisicho changu tumbo huuma siku tatu. Kwa mtu wa namna hii, wanyama wadogo ni baraka. Tembo lazima umfuate. Panya anakufuata mwenyewe mpaka ghalani, tena anakuja na familia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Nombo, mwenye studio karibu na soko. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama za kuwafanya wazazi wakae kimya, ndipo baba akanipeleka kwake. Mzee Nombo alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vimegeuka kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Alikuwa na kamera ya macho mawili, lenzi moja juu ya nyingine, ile ambayo unaishika kifuani na kuchungulia kutoka juu. Ndani yake kulia ni kushoto na kushoto ni kulia. Mnyama akikimbilia kulia, mimi namfuata kushoto. Mwaka wangu wa kwanza nina picha nyingi nzuri sana za majani.

Miaka hiyo tulipiga watu. Bwana harusi, kipaimara, picha za vitambulisho. Na watu wetu walikuwa na sheria moja: miguu ionekane. Mtu kanunua viatu vya mtumba vilivyoanza kuja kwa wingi, kavipaka rangi, halafu wewe umpige kuanzia kiunoni? Picha inarudishwa mezani. "Umenikata miguu! Mimi kiwete?" Kwa hiyo nilijifunza kurudi nyuma, nyuma kabisa, mpaka mteja aenee kuanzia unywele hadi soli, na juu yake ibaki mbingu ya kutosha kujenga kanisa.

Nilipoanza kupiga wanyama niliwapiga hivyohivyo, yaani kama wateja. Wa kwanza alikuwa pimbi, aliyekuwa akiota jua kwenye mawe ya kilima cha nyuma. Nilimweka katikati, uso mbele, masikio yote mawili wazi kama picha ya kitambulisho inavyotakiwa. Nilijivuna. Mzee Nombo akaitazama picha ile muda mrefu.

"Damasi."

"Naam, Mzee."

"Huyu anaomba pasi ya kusafiria aende wapi?"

Akachukua boksi tupu la karatasi za picha, akakata vipande viwili vyenye umbo la kona, akaviweka juu ya picha yangu, kimoja juu, kingine chini, vikafanya dirisha. Akaanza kulisogeza dirisha lile. Mbingu ikaondoka. Mawe ya kushoto yakaondoka. Pimbi akasogea pembeni, na mbele ya pua yake pakabaki nafasi. Ghafla pale alikuwepo mnyama anayewaza jambo. Dakika moja kabla nilikuwa na kitu chenye manyoya tu.

"Mbele ya pua mwachie pa kuendea," Mzee akasema. "Na kabla hujakata, jiulize anatazama nini."

Hayo ndiyo mafunzo yote. Mengine ni kurudia mpaka uelewe, na mimi nilirudia miaka. Usikate mkia katikati. Uingie wote, au usiwepo mpaka mtu asiukumbuke. Usikate mguu kwenye kiungo, mnyama ataonekana ameumia. Jicho likiwa na ukungu, tupa picha hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Jicho likiwa kali, masharubu yatakusamehe. Na kubwa kuliko yote, usimpige mnyama mdogo ukiwa umesimama. Hiyo ni picha ya mtu anayetaka kumkanyaga.

Kulala kifudifudi kulinishinda mwanzoni kwa sababu ya shati. Halafu nikagundua kwamba babu zetu walishanichimbia studio. Mnazijua ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha milimani yenye matuta pande zote. Ukiingia ndani ya ngolo ukachuchumaa, ukingo wa tuta unakuja sawasawa na kifua chako. Sange akipita juu ya tuta na pua yake ndefu inayochezacheza, mnakuwa mmeonana uso kwa uso kama mko mezani. Kwingine wapiga picha walikuwa na magari ya wazi juu. Mimi nilikuwa na shimo. Mama yangu alinikuta humo asubuhi moja, nimetulia, panya buku akila muhindi mbele yangu.

"Damasi, baba, unafanya nini humo?"

"Nampiga picha, Mama."

"Mpige kwa jembe!"

Picha ile ya panya buku ndiyo bora niliyowahi kupiga. Inakuja kwenye habari yangu, subirini.

Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia Mbinga, kila mmoja na mabango yake. Mmoja wao, mtu mchangamfu wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba, alikuja studio akitaka kalenda ya kuwagawia wakulima. Alisema simba na tembo wako kwenye kalenda za watu wote. Yeye alitaka wanyama ambao mkulima anawajua. Kurasa sita, miezi miwili kila ukurasa. Mzee Nombo akanielekeza kidole. Nikatoa pimbi, sange, kindi, nguchiro, sungura wa porini, na kwa fahari kubwa panya buku.

"Panya hapana," yule bwana akasema. "Mkulima akiona panya kwenye kalenda yangu atajua tumekuja kula kahawa yake. Nitafutie fisi maji."

Fisi maji! Huyo hakai Mbinga. Huyo yuko ziwani. Nilisafiri juu ya roli lililopakia mahindi, milima yote ile ya kushuka Nyasa, nikitapika kwa zamu upande wa kulia na wa kushoto ili nisionekane nina upendeleo, kisha nikatembea hadi Mbaha. Mzee Nombo alinipa barua ya kumpelekea bibi mmoja aliyefahamiana naye tangu ujana. Bibi huyo aliishi na mjukuu wake, Esta, msichana mkubwa aliyekuwa akianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga mbele ya nyumba.

Siku tatu nilikaa kwenye mawe tangu alfajiri. Nilinyamaza. Nilijifunika shuka. Fisi maji alichomoza kichwa mbali, akanitazama, akazama. Siku ya tatu nikasikia kicheko nyuma yangu. Ni Esta, na sufuria kichwani.

"Kaka wa milimani, unawinda au unaumwa?"

"Nimenyamaza ili asiogope."

"Ndiyo maana anaogopa. Huku aliyenyamaza ni mwenye mkuki. Anayepiga kelele anaosha vyombo." Akashuka kwenye maji, akaketi, akaanza kusugua sufuria kwa mchanga huku akinisimulia habari za kijiji kizima: nani kagombana na nani, nani kaibiwa kasia na mkwewe. Hakupunguza sauti hata kidogo. Sijui ulipita muda gani. Nilisikia chubwi, na fisi maji akapanda kwenye jiwe lililo mbele yake, hatua nne tu kutoka kwake. Koo lake lilikuwa na mabaka meupe, na alishika samaki mikononi kama mtoto anayeshika andazi. Alikula huku akimtazama Esta. Esta akacheka bila kuacha kusugua. Nikabonyeza.

"Nimo?" akaniuliza.

"Umo."

"Na kwenye kalenda nitakuwemo?"

Nikasema ndiyo. Vijana, neno ndiyo ni jepesi mdomoni mwa mtu aliyetoka kupata picha ya fisi maji. Nilikaa Mbaha siku nne zaidi, nikisema nasubiri mwanga mzuri zaidi. Mwanga ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza. Na tumbo halikuuma, jambo lililonishtua kuliko yote.

Niliporudi Mbinga nilikuwa tayari na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kukata. Aliyeogopa kukata unywele mmoja sasa alikuwa na vile vipande viwili vya kadibodi mfukoni, akitembea navyo mpaka kanisani, akimchungulia padri kupitia dirisha lile ili aone angependeza zaidi bila mishumaa. Niliitazama negativu ya fisi maji, ile filamu yenyewe ambayo picha zote huzaliwa humo. Kulia mnyama, kushoto msichana na sufuria. Nikajiambia kwamba kalenda ni ya wanyama, na fundi hodari huondoa kisichohusika. Neno "kisichohusika" nililitumia mwenyewe, kichwani mwangu, nikiwa na akili timamu.

Kama ningekata picha iliyosafishwa, ningekata karatasi tu. Lakini kalenda ilikuwa inachapwa Dar es Salaam, na wachapaji walitaka negativu zenyewe. Nikawaza kwamba kule Dar hakuna atakayejua mpaka wangu uko wapi. Watanirudishia yule msichana na sufuria yake ukurasani. Mzee Nombo alikuwa amekwenda Kitai msibani. Nikachukua mkasi, nikaikata negativu yenyewe katikati, ili wasipate pa kukosea.

Mzee aliporudi alinikuta nafunga bahasha. Akaichukua ile nusu ya fisi maji, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Anatazama nini?"

"Anatazama mbele, Mzee."

"Haya," akasema. Akachukua ufagio, akafagia chumba kama alivyofanya kila siku, kwa mkono wake, kwa sababu hakutaka mtu mwingine afagie studio yake.

Kalenda zikaja. Wino ulikuwa mmoja, wa kahawia. Yule bwana alisema ndiyo rangi ya kahawa, nadhani ndiyo iliyokuwa nafuu. Mimi nilikuwa nimeshaandika barua ya posa, na Mzee Nombo amekubali kuwa mshenga. Akaondoka kwenda Mbaha na barua mfuko huu, kalenda mfuko ule. Nilimsisitiza aanze na kalenda, iwalainishe.

Alirudi baada ya siku tano, akaketi, akavua viatu, akaomba maji. Barua akaiweka mezani. Ilikuwa bado imefungwa.

Esta, kumbe, alikuwa ameutangazia ufukwe mzima kwamba yumo kwenye kalenda. Mzee alipofika, majirani walijaa uani mpaka wengine wakapanda juu ya kinu. Bibi akafunua ukurasa wa mwisho, akauleta karibu na macho, akaupeleka mbali.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" akauliza. "Hapa naona nusu ya sufuria."

Watu walicheka, Mzee aliniambia, tena si kicheko kizuri. Esta hakulia. Aliitazama ile nusu ya sufuria, akamrudishia mshenga barua, na akampa ujumbe ambao Mzee aliufikisha neno kwa neno: "Mwambie Kaka Damasi, mtu aliyenikata kabla hajanioa, akishanioa atanikata wapi?"

Wiki mbili nilipiga picha za watu bila kuwaona. Kuna mteja mmoja nilimpiga amefumba macho, na hata miguu yake sikuikumbuka. Fisi maji wangu alining'inia katika kila duka la Mbinga, ametumbulia macho ukingo wa karatasi, mbele ya pua yake hapana kitu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kila nilipompita nilijiuliza nilikuwa nimelewa nini. Somo la kwanza la Mzee, la kwanza kabisa! Nilikuwa nimemkata yule aliyekuwa akitazamwa.

"Ningempelekea picha nzima," nikamwambia Mzee Nombo mwishowe, "lakini hakuna nzima tena. Ile nusu yake nilitupa."

"Ulitupa wapi?"

"Chini."

"Na chini hufagia nani?"

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la maziwa ya unga. Humo mlikuwa na takataka zangu zote za miaka ile: mikia, anga, viwiko, bibi harusi nusu. Juu kabisa, ndani ya kikaratasi safi, alikuwamo Esta.

"Mzee! Ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuuliza anatazama nini. Ukasema mbele." Akafunga kopo. "Sasa fanya kazi."

Ile nusu iliyokwenda Dar haikurudi kamwe, kwa hiyo ilibidi niisafishe nusu ya Esta kwa ukubwa uleule wa kalenda. Kipimo changu kilikuwa sufuria. Nililaza ukurasa wa kalenda chini ya mashine ya kukuzia picha, nikapandisha kichwa cha mashine, nikashusha, mpaka ukingo wa nusu sufuria yangu ukakutana na ukingo wa nusu sufuria yao. Karatasi nyingi ziliharibika. Halafu rangi: picha yangu ilikuwa ya kijivu, kalenda kahawia. Nikaamua kuichovya kwenye kahawa nzito. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika nyumba yetu, iliyozungukwa na mikahawa pande zote, hakuna aliyewahi kukaanga punje moja. Tunalima kahawa, tunakunywa chai. Mama aliponiona na kikaango aliuliza ni nani mgonjwa.

"Ni mimi, Mama."

"Hiyo najua," akasema, akanisaidia kutwanga.

Kwa mara ya pili maishani nikapanda roli la kwenda ziwani. Nilifika Mbaha nimejaa vumbi, rangi yangu na ya picha zikifanana. Bibi alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na mkasi?"

"Nimekuja na gundi, Bibi." Nilikuwa na uji mzito wa muhogo ndani ya kikopo.

Kalenda ilikuwa bado ukutani; kumbe hawakuitoa. Nikaishusha, nikailaza mkekani, nikabandika kipande changu upande wa kushoto, polepole, nikishusha pumzi kama mtu anayevuka mto. Esta akaja akasimama nyuma yangu bila kunisalimu. Sufuria ikaungana. Karibu. Palibaki mwanya mdogo, kama unene wa ukucha.

"Sufuria imepasuka," Bibi akasema.

Esta akapiga magoti. Akamtazama yule msichana anayecheka, kisha mnyama, kisha tena msichana.

"Kumbe alikuwa ananitazama mimi."

"Ndiyo."

"Na wewe siku ile ulikuwa unatazama nini?"

Nilifikiri niseme uongo. "Fisi maji."

"Angalau unasema kweli," akasema. "Bibi, barua yake niliirudisha. Sasa tufanyeje?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Esta akanyoosha mkono, nikadhani anataka barua, nikampa. Akaiweka chini ya kalenda bila kuifungua. "Hiyo baadaye. Nipe kamera."

Alinipeleka kwenye jiwe lilelile. Nikamwonyesha pa kuchungulia na pa kubonyeza, nikaanza kumweleza habari za nafasi mbele ya pua, akaniambia ninyamaze, kwani yeye ndiye fundi sasa. Nilisimama wima, mikono ubavuni, mteja kamili. Alichungulia muda mrefu sana. Akabonyeza mara moja, akanirudishia kamera, na akaingia ndani kusoma barua.

Mzee Nombo hayupo sasa. Alifika mpaka kuona mashine za Songea zinazotoa picha za rangi kabla chai haijapoa, akasema ni nzuri, na hazina kopo. Studio ikawa duka la vocha. Mimi nilibaki na vipande viwili vya kadibodi na mwanamke ambaye hunituma dukani kama mtoto. Nikipunguza picha leo, hata kwenye simu ya mjukuu, ile nzima naiweka kando kwanza. Wajukuu hunicheka. Wacheke.

Ukutani kwetu pana picha tatu. Kuna panya buku wangu, aliyekataliwa. Kuna kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, gundi imekakamaa, ufa wa sufuria umeongezeka, lakini yule mnyama bado anakula samaki wake na bado anamtazama Esta. Na kuna ile aliyopiga Esta. Ufundi wake ni wa ajabu. Viatu vyangu vimetoka vizuri, hata kamba zinahesabika, na jiwe lote limo, na maji yamo. Kichwa hakimo. Nimekatwa shingoni, safi kabisa, na juu ya mabega yangu ndipo karatasi inapoishia.

Wageni huuliza huyu asiye na kichwa ni nani. Esta huwajibu bila kuinua macho kwenye maharage yake: "Huyo ni fundi wa kupanga picha."

Miaka yote hii nimemwuliza kama siku ile alikosea au alikusudia, na hajawahi kunijibu. Negativu yake ninayo, ndani ya kopo la Mzee, nzima, pembe zote nne. Sijaisogezea mkasi hata siku moja.